Kitenzi "quedar" cha Kihispania: kianzie kwenye "kunibakia"

Mimi ni dereva wa watalii, mzaliwa wa Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda. Kwetu Kiswahili ni cha mpakani, Kongo upande huu na Rwanda upande ule, na sokoni Bunagana ndicho kinachouza na kununua. Kihispania nimekiokota garini, kwa wageni wanaokuja msitu wa Bwindi kuona gorila. Kitenzi kilichonisumbua kuliko vyote ni quedar. Tamka "kedar", hiyo u haisikiki.

Nilikuwa nimekariri kwamba quedar ni kubaki, basi. Jioni moja mgeni wangu akaniambia, "Quedamos a las seis, aquí abajo." Nikaelewa "tunabaki hapa chini saa kumi na mbili", nikadhani wanataka kupumzika hadi saa hiyo ndipo waanze kujiandaa. Nilifika saa moja asubuhi. Mume na mke walikuwa wamesimama kwenye ngazi na mabegi yao saa nzima. Tulifika kituo cha hifadhi askari wa wanyamapori wakiwa wameshaanza kugawa vikundi. Kibali cha mgeni mmoja ni dola 800, kwa hiyo hilo si kosa la kulisahau. Alichosema yule bwana ni "tukutane hapa chini saa kumi na mbili".

Ushauri wangu wa kwanza: usianze na kubaki, anza na kunibakia. Tunasema "imenibakia chapati moja", "zimenibakia chapati mbili". Chapati ndiyo inayotawala kitenzi, mimi nimo katikati tu, kwenye "-ni-". Kihispania kinafanya vivyo hivyo: me queda una chapati, me quedan dos chapatis. Hiyo me ndiyo "-ni-" yetu. Badilisha mtu: te ni "-ku-", nos ni "-tu-". Nos quedan veinte minutos, zimetubakia dakika ishirini. Sentensi hiyo naitumia kila siku, maana barabara ya kwenda Rushaga, hukohuko Bwindi, ina kona nyingi na mgeni hachoki kuuliza "¿Cuánto queda?", bado kiasi gani?

Ukishaishika hiyo, nguo haikusumbui. Mama akijaribu gauni la kitenge dukani atakuuliza, "¿Qué tal me queda?", limenikaaje? Gauni ndilo linalotenda, kama tunavyosema "limekukaa". Te queda bien, limekukaa vizuri. Te queda grande, linakupwaya.

Kuhusu mahali, kwa ufupi: Kisoro queda cerca de Ruanda, Kisoro iko karibu na Rwanda. Itumie kwa kitu kisichohama, kama mji, choo au benki. Mtu umtafutaye hoji yuko wapi kwa ¿dónde está? Wageni wa Kolombia na Meksiko nawasikia wakitumia queda hii ya mahali zaidi ya wale wa Hispania.

Sasa pale nilipoumia. Watu wawili wakiwa ndani ya kitenzi na saa au mahali vikafuata, hapo ni miadi: quedamos el lunes, tukutane Jumatatu. Hasa Wahispania wenyewe ndio wanaoongea hivi. Ukiongeza en bila kutaja mahali, ni makubaliano. "¿En qué quedamos?" maana yake tumeafikiana nini, na hilo ni swali zuri la kuuliza kabla ya kuwasha gari, bei ikiwa bado inazungumzwa.

Kamusi inasema quedar limetokana na neno la Kilatini quietare, kutuliza. Hilo limenisaidia sana. Miadi ni maneno yaliyotulia, na gauni limetulia mwilini.

Kuna pia quedarse, ambapo mtu mwenyewe ndiye anayebaki. Me quedo en el coche, nabaki garini. Angalia tofauti hii kwa makini: he quedado con Marta ni nimepanga kukutana na Marta, lakini me quedo con Marta ni nabaki na Marta. Dukani, mgeni akiinua kikapu kimoja kati ya vitatu na kusema "Me quedo con este", amekichagua, mfungie. Hata sisi tungesema "nabaki na hiki".

Na pale tunaposema "akabaki kimya", "akabaki mdomo wazi", wao wanasema se quedó callado, se quedó con la boca abierta. Ni kama tulikaa pamoja tukakubaliana. Kwa kuishiwa wanaweka sin: nos quedamos sin agua, tumeishiwa maji.

Fanya zoezi hili wiki moja. Kila ukisema kwa Kiswahili kitu kimebaki, kimekukaa au mmeahidiana, andika sentensi hiyo kwenye daftari, na chini yake uiweke quedar. Kwanza ipigie mstari inayotenda: chapati, gauni, au mtu. Nami sasa nikipewa miadi huirudia kwa sauti: "Quedamos a las seis de la mañana, en la escalera", nikihesabu moyoni kwamba seis yao ni kumi na mbili yetu.

Safari iliyopita bibi mmoja alitoka msituni, magoti yamejaa tope, akasimama kando ya gari akiangalia mlima. Nikamuuliza, "¿Nos vamos?", twende? Akajibu, "Me quedo un ratito más", nabaki kidogo tena. Nikazima injini.