Siku Moja ya Wanyama Arusha: Mbega Asubuhi, Nyoka Alasiri

Jiji la Arusha halina bustani kubwa ya wanyama katikati ya mji, lakini halikupungukiwa. Upande wa mashariki, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, ipo Hifadhi ya Taifa Arusha chini ya Mlima Meru. Upande wa magharibi, kama kilomita 25 kwenye barabara ya Dodoma, ipo bustani ya nyoka ya Meserani. Ukiondoka alfajiri unazimaliza zote mbili kwa siku moja na watoto wanarudi nyumbani kabla ya giza.

Wanaorudi wakinung'unika huwa walikwenda kumtafuta simba. Hifadhi ya Arusha haina simba, tembo huonekana kwa nadra, na chui yupo ila hajionyeshi. Kuna wanyama wengine ambao hapa ndipo mahali pao hasa, na kila mmoja ana saa yake na sehemu yake. Wafuate hao.

Maandalizi

Mlangoni hawapokei fedha taslimu. Unapewa namba ya malipo na kulipa kwa simu au kwa kadi, kwa hiyo weka salio la kutosha kabla ya kutoka mjini. Beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiwango cha raia ni cha chini sana kuliko cha mgeni na utatakiwa kuthibitisha uraia wako. Watoto wadogo wana viwango vyao, kwa hiyo taja umri wa kila mmoja mapema.

Darubini moja ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, inatosha watu wanne wakipokezana. Bila darubini, nusu ya mambo yanayoelezwa hapa hutayaona. Beba masweta hata kama mjini kuna joto: msituni asubuhi kuna baridi, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi ni kali zaidi. Chakula weka kwenye hotipoti au makopo yenye mifuniko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hata kama isingekuwa hivyo, nyani akiona mfuko anajua kuna chakula ndani.

Gari dogo linaweza kupita barabara kuu ya hifadhi wakati wa kiangazi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, njia za ziwani na za kupanda kasoko, yaani shimo kubwa la volkano, huwa tope, na gari lisilo na nguvu ya magurudumu yote manne litakwama. Mwendo wa juu ndani ya hifadhi ni kilomita 50 kwa saa, lakini anayetaka kuona wanyama aende 20.

Mbega kwanza

Kutoka mjini shika barabara ya Moshi hadi Usa River, kisha pinda kushoto kufuata bango la hifadhi hadi lango la Ngongongare. Lenga kufika saa 12 na nusu asubuhi. Ukishaingia, fuata vibao vya Ngurdoto, ambako msitu ni mnene na mbega, aina ya nyani mweusi mwenye manyoya marefu meupe, ni wengi.

Saa yake ni kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi. Baada ya usiku wa baridi mbega hupanda vileleni kuota jua, na hapo ndipo rangi yake inapomsaliti. Usitafute umbo la nyani. Tafuta kitu cheupe: mkia wenye shungi nene unaoning'inia chini ya tawi kama mgwisho. Mbega wa ukanda huu wa Meru na Kilimanjaro ana shungi kubwa kuliko ndugu zake wa sehemu nyingi nyingine, na hilo peke yake linatosha kumtoa mtu kitandani mapema.

Zima injini. Hili ndilo watu wengi hawalifanyi, na ndiyo sababu wanapita chini ya kundi zima bila kujua. Shusha vioo, kaa kimya dakika 10, sikiliza majani yakianguka. Mbega mmoja akionekana, wengine watano au zaidi wako kwenye mti huohuo au unaofuata.

Halafu mwangalie kwa utulivu. Utaona amekaa tu, na watoto watauliza kama anaumwa. Hali yake ni hiyo: chakula chake kikubwa ni majani, na majani hayana nguvu nyingi. Tumbo lake lina vyumba kadhaa ambamo bakteria huyachachua polepole, kwa hiyo hutumia sehemu kubwa ya mchana akipumzika. Tazama mikono yake kwa darubini: kidole gumba hakipo, au kimebaki kinundu tu. Vidole vinne vinamtosha kunasa tawi anaporuka. Ukibahatika utaona mtoto mweupe mwili mzima kifuani mwa mama. Rangi nyeusi hujitokeza katika miezi ya mwanzo ya maisha yake.

Kwenye msitu huohuo kuna kima, na wageni huwachanganya. Kima ana rangi ya kijivu iliyoiva, hana manyoya meupe mgongoni, mkia wake hauna shungi, na hatulii kwa sababu anatafuta matunda na wadudu. Chini ya miti, tazama pia funo, swala mdogo mwekundu anayevuka njia akiwa ameinamisha kichwa.

Picha za mbega huharibika kwa sababu moja. Mnyama mweusi akiwa mbele ya anga jeupe, simu hupima mwanga wa anga na yeye anabaki kivuli. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kisha ongeza mwanga kwa kidole.

Kasoko, tambarare na maziwa

Kasoko ya Ngurdoto ina upana wa kama kilomita 3 na hairuhusiwi kushuka ndani. Unasimama ukingoni na kutazama chini. Ukungu ukiwa umetanda, subiri nusu saa kabla ya kukata tamaa. Nukta nyeusi zilizo kwenye majani ya bondeni ni nyati, na hapa darubini inalipa gharama yake yote.

Ukitaka nyati wa karibu, nenda Serengeti Ndogo, uwanda wa nyasi ulio karibu na lango la Ngongongare. Kaa ndani ya gari. Nyati dume mzee aliyejitenga na kundi ndiye wa kuogopwa, maana hatoi onyo la maana kabla ya kushambulia. Hapohapo kuna pundamilia, ngiri na twiga.

Twiga ni mnyama wa taifa letu na bado wengi hawajui kutofautisha dume na jike kwa mbali. Angalia vipembe: vya jike vina kishungi cha nywele nyeusi juu, vya dume vimekuwa kipara kwa kupigana. Angalia pia anavyokula. Dume hunyoosha shingo juu kabisa, jike huinama kwenye vichaka. Waulize watoto shingo ile ina mifupa mingapi; ni saba, sawa na ya binadamu, ila kila mmoja ni mrefu mno.

Kisha maziwa ya Momella, ambako jua likipanda ndiyo vizuri zaidi. Maji yake ni ya magadi na kila ziwa lina mwani wake, ndiyo maana rangi hazifanani. Heroe, ambao wengi huwaita flamingo, wako wa aina mbili. Mdogo ana waridi iliyokolea na mdomo mwekundu wa giza; mkubwa ni mrefu zaidi, amepauka, na mdomo wake ni wa waridi wenye ncha nyeusi. Wote hula kichwa kikiwa juu chini, ulimi ukivuta na kusukuma maji kupitia vichujio vya mdomoni. Mdogo huchuja mwani, mkubwa huchuja vijidudu vya majini, na kwa hiyo wanaweza kula ziwa moja bila kugombana.

Usimwahidi mtoto heroe kabla ya kuuliza askari wa langoni. Mwani ukipungua wanahamia Manyara, Natron au kwingineko, na ziwa lililokuwa na waridi mwezi uliopita linaweza kuwa tupu. Kiboko ana uhakika zaidi. Tazama Momella Ndogo, lenga macho, masikio na pua tu, na ukiona amezama mpe dakika tano. Lazima atoke kuvuta hewa.

Kutembea kwa miguu kunaruhusiwa ukiwa na askari mwenye silaha, kwa malipo ya ziada. Mkiwa karibu na ziwa, msisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Chakula kuleni ndani ya gari vioo vimefungwa, na msiwape tumbili hata ganda la ndizi. Tumbili aliyelishwa na mtu leo, kesho atamng'ata mtoto wa mwingine.

Meserani alasiri

Toka hifadhini kabla ya saa 7 mchana. Barabara ya mchepuko inakuepusha na foleni ya katikati ya jiji. Alasiri ni saa nzuri kwa nyoka kwa sababu jua limeshawapasha moto miili. Asubuhi ya baridi hawasogei.

Kwenye kila banda usianze katikati. Angalia pembe za chini, kisha chini ya jiwe, kisha matawi yaliyo usawa wa macho yako. Usigonge kioo. Nyoka huhisi mtikisiko, na akishambulia kioo anaumia mdomo.

Wa kwanza kumtafuta ni kifutu: mfupi, mnene, mwenye alama za V mgongoni. Huyu hakimbii. Hutegemea kujificha, ndiyo maana watu humkanyaga, na sumu yake huharibu nyama. Mwambie kila mtoto anayeishi shambani amtazame mpaka alama zile zimkae kichwani. Wa pili ni koboko, ambaye ngozi yake si nyeusi bali kijivu au kahawia. Weusi uko ndani ya mdomo. Anaweza kupita mita 3, na sumu yake hushika mishipa ya fahamu hadi pumzi inakoma. Wa tatu swila, atemaye mate ya sumu machoni. Dawa ya kwanza ni maji mengi safi, mara moja, bila kusugua. Chatu hana sumu, huua kwa kubana.

Kwa miaka mingi zahanati ya hapo imetibu watu walioumwa na nyoka, kwa hiyo waulize wahudumu kuhusu huduma ya kwanza. Msingi ni huu: mgonjwa atulie, vua pete na bangili, funga ubao pembeni ya kiungo kisicheze, kimbiza hospitali. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usipake mafuta ya taa.

Malizia kwa mamba na kobe. Mamba aliyeachama hakasiriki, anapunguza joto. Hata hivyo mtoto asiegemee ukuta wake. Mhudumu akiwaruhusu kumshika nyoka asiye na sumu au kobe, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, kwa sababu reptilia hubeba bakteria wa kuharisha kwenye ngozi zao.