Difu ya gari la zamani: beringi kwanza, shimu baadaye

Nina Datsun 160J, aina ile ile aliyoshindia Shekhar Mehta Safari Rally ya 1979. Langu halijashinda kitu, linalia tu: kila nikiondoa mguu kwenye mafuta, difu (sanduku la giya katikati ya ekseli) inavuma kutoka Makupa hadi Changamwe, hapa Mombasa. Nimeifungua mara mbili, na mara ya pili ingeepukika. Fundi wa kwanza alikata shimu, yaani kibati chembamba cha kujazia nafasi kwenye beringi, kutoka kopo la soda. Nilipoitoa ilikuwa imesagika kama karatasi ya sigara.

Hatua ya 1. Kabla hujafungua, pima mchezo wa meno (nafasi ndogo kati ya meno ya giya mbili zinazokutana) kwa geji ya saa na uandike. Vifuniko vya beringi za pembeni vitie alama kwa senta panchi, maana havibadilishani. Shimu za kulia weka mfuko wake, za kushoto wake.

Hatua ya 2. Osha beringi kuukuu kwa mafuta ya taa, usome namba ukingoni. Za milimita ni rahisi: katika 30206, chukua 06 uzidishe kwa 5, shimo ni milimita 30. Za inchi zina namba mbili, kwa mfano LM603049 ni koni (sehemu ya ndani yenye rola) na LM603011 ni kikombe chake (ringi ya nje). Andika zote mbili. Namba ikiwa imefutika, pima kwa vernia: shimo, kipenyo cha nje, unene.

Hatua ya 3. Sasa nenda dukani, na beringi mfukoni. Usiulize "beringi ya difu ya Datsun", utaambiwa gari hilo lilishakufa. Taja namba. Jaribu wanaouza beringi za mashine na spea za malori, Shimanzi na Changamwe. Beringi haijui imefungwa kwenye gari gani.

Feki zipo. Maandishi yakifutika kwa kidole, rudisha. Bei ikiwa robo ya maduka mengine, rudisha pia. Na ikague kwenye mwanga: kwa upepo huu wetu wa chumvi, beringi iliyokaa rafuni bila karatasi yake ya mafuta hutoa vidoa vya kutu. Kidoa kimoja kwenye njia ya rola kinatosha kuirudisha difu mezani.

Hatua ya 4. Shimu hutafutwa mwisho, kwa sababu unene wake unategemea beringi uliyopata. Pima beringi kuukuu na mpya ya kichwa cha pinioni (giya ndogo inayozungusha ile kubwa) kwa maikromita. Mpya ikiwa nyembamba kwa milimita 0.05, shimu ya hapo iongezwe 0.05. Ukikosa unene huo dukani, nunua nene kidogo umpelekee fundi mwenye mashine ya kusaga bapa. Kola inayobonyea (bomba fupi kati ya beringi mbili za pinioni, hubonyea nati ikikazwa) usiirudie, nunua mpya.

MASWALI

Wa Likoni: Shekhe, mchezo wa meno uwe ngapi?
Jibu: Kitabu cha gari lako ndicho hakimu. Toyota nyingi za zamani ni milimita 0.13 hadi 0.18.

Wa Kisauni: Nina Land Rover Series, sioni shimu pembeni.
Jibu: Hutaziona, kaka. Pembeni kuna nati za kurekebishia. Shimu zako ziko kwenye pinioni.

Wa Tudor: Kila nikijaribu shimu nyingine lazima ning'oe beringi mpya kwa pula. Si nitaiharibu?
Jibu: Utaiharibu. Chukua ile kuukuu, isugue shimo kwa msasa hadi iingie na kutoka kwa mkono, ufanyie majaribio. Ukipata alama nzuri ya rangi kwenye meno (rangi unayoipaka kuona yanapogusana), ongeza au punguza tofauti ya unene uliyopima, ndipo ugonge mpya.

Wa Likoni tena: Na kopo la soda kwa dharura tu?
Jibu: Ami, soma juu.