Kelele kwenye kofre ya gari: toa vitu kwanza, amortisa baadaye

Siku moja nilikuwa namleta mama mdogo kutoka Sake. Gari liligonga nyuma ko-ko-ko njia nzima, hadi akaniuliza kama pine haiwezi kuchomoka. Sikuwa na la kumjibu, maana garaji moja ilikuwa imeshanibadilishia amortisa (vile vizuia mtikiso vya magurudumu) zote mbili za nyuma, nimelipa, na kelele imebaki ile ile. Tulipofika nyumbani nikainua zulia la kofre, pale nyuma pa kuwekea mizigo, na kushika kriki, ile jeki ya kuinulia gari. Ikacheza mkononi. Ubavuni mwake rangi ya bati ilikuwa imeliwa, imebaki alama ya kung'aa yenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Nikazungusha skrubu ya kriki mara mbili, na kesho yake gari likanyamaza.

Pesa ya zile amortisa inaniuma mpaka leo. Ndiyo maana somo hili linaanza na vitu visivyodai hata faranga moja.

Kumbukeni tunaendesha juu ya nini. Lava ya volkano ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji wetu wa Goma, na sehemu ya mji imejengwa upya juu ya mawe hayo. Ukiacha lami kuingia mtaani, kila kilicholegea kinasema. Tena bodi ya gari ni bati lililoungana toka mbele hadi nyuma: kitu kinagonga chini ya kiti, wewe unakisikia kwenye taa. Kofre tupu ni ngoma, inakuza kila mlio. Sikio peke yake halitoshi.

Hatua ya 1: Toa kila kitu. Kila kitu maana yake kila kitu: pine ya akiba, kriki, kle (spana) ya magurudumu, pembetatu, kizima moto, kidumu cha maji, hata zulia. Pita njia ile ile, kwa mwendo ule ule. Kelele ikiisha, mkosaji yuko kwenye vitu ulivyovitoa. Rudisha kimoja kimoja, ukijaribu kila mara. Inachosha, lakini haidanganyi.

Kwenye Toyota nyingi kriki hukaa kwenye kishikio chake, na haifungwi kwa bolti: unaizungusha ifunguke kidogo mpaka ijibane yenyewe. Watu wengi wakishaitumia huirudisha bila kuibana. Pine ya akiba nayo ina skrubu ya katikati. Ikaze, kisha itikise pine kwa mikono miwili. Kle na vyuma vidogo vizungushie kipande cha mpira wa ndani wa kinga (baiskeli).

Hatua ya 2: Tafuta alama. Hapa chukua tochi na usiharakishe. Chuma kinachogongana na chuma kinang'aa. Plastiki inayosuguana inaacha unga mweupe au wa kijivu. Vumbi letu la volkano nalo linasaidia: ukikuta mstari wa vumbi jeusi ndani ya kofre, umeona mahali mpira wa mlango haushiki. Mlango usioshika pale, huenda ndio unaogonga.

Hatua ya 3: Mlango na kufuli. Funga mlango juu ya karatasi, kisha uivute. Rudia kila baada ya kiganja kimoja kuzunguka mpira wote. Panapotoka bila kushikwa, pamelegea. Halafu tazama pete ya chuma ambayo kufuli inaikamata. Izungushie tepu tabaka moja, uendeshe: kelele ikipungua, umempata. Tepu ni ya kupima tu, haidumu. Ili kurekebisha, chora kwanza kalamu kuzunguka pete ujue ilipokuwa, legeza bolti zake kidogo, isogeze ndani milimita 1 au 2, kaza. Ukizidisha, mlango utakataa kufunga. Kwenye magari mengi kuna pia vifundo vya mpira pembeni mwa mlango. Vile vya kuzungusha vitoe nje kidogo mpaka viguse bodi.

Hatua ya 4: Piga kwa kiganja. Gari limezimwa, gonga taratibu kibao cha namba, taa, plastiki za ndani, mgongo wa kiti cha nyuma. Kibao cha namba kinanyamazishwa na vipande viwili vya sponji nyuma yake.

Hatua ya 5: Sasa nenda chini. Bomba la moshi likiwa limepoa kabisa, litikise. Mipira inayolining'iniza hukatika, na bati la kuzuia joto huoza kwenye bolti zake. Ukitoka hapo, angalia amortisa: ikiwa imevuja mafuta, au mpira wake wa juu umekwisha, hapo kweli nunua.

Tahadhari moja, na ninaisema kwa uzito: usimfungie mtu ndani ya kofre ili asikilize, wala usiendeshe mlango wa nyuma ukiwa wazi. Moshi wa injini unaingia ndani, na kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, inaua. Msaidizi akae kiti cha nyuma na mkanda.

Maswali ya wanachama

*Fundi, mimi ni wa teksi, Ndosho. Kelele iko nikiwa peke yangu. Abiria wakiketi nyuma inaisha. Ni springi?*

Kabla ya springi, kaka, angalia kufuli ya mgongo wa kiti. Abiria akiegemea anaibana, ndiyo maana inanyamaza. Zungushia tepu kile chuma inachokamata, kisha jaribu ukiwa peke yako. Hakikisha pia vichwa vya mkanda havigongi plastiki.

*Papa fundi, nina RAV4 ya zamani, pine iko mlangoni nyuma. Nabeba samaki toka Kituku. Mlango unalia kwenye kila jiwe.*

Mama, pine ile ni nzito na bawaba zimeibeba miaka mingi. Fungua mlango, uushike chini, uunyanyue. Ukipanda kabla ya bodi kutikisika, bawaba zimekwisha au bolti zake zimelegea. Kaza hizo kwanza, pamoja na nati za pine. Na maji ya samaki yaoshe kila jioni, chumvi na unyevu vinakula bati chini ya zulia.

*Naweza kujaza povu la kunyunyizia kwenye mashimo yote?*

Hapana. Baadhi ya mashimo hayo ni ya kutolea maji. Ukiyaziba, mvua ya hapa kwetu itabaki ndani na kutu itaanza usipoiona.

*Nimefuata hatua zote, mkubwa. Imepungua, haijaisha.*

Basi zilikuwa mbili, na ile kubwa ilikuwa inaficha ndogo. Rudi kwenye hatua ya 2 na tochi. Safari hii anza upande wa kulia, kwenye kisanduku cha pembeni ambako watu husahau spana.