Fomu inayojazwa hadi mwisho: namna ya kuirekebisha hatua kwa hatua

Fomu nyingi za mtandaoni nilizoitwa kuzitibu zilikuwa na ugonjwa mmoja: zilitungwa kwa kufuata majedwali ya kanzidata, yaani ghala la taarifa la mfumo, si kwa kumfuata anayejaza. Hivi ndivyo ninavyofanya kazi nikikabidhiwa fomu ambayo watu huianza kisha wakaitelekeza. Andaa karatasi, kalamu, simu yako, na moyo wa kubishana kidogo na wenye fomu.

Hatua ya 1: Kila swali lijitetee

Usifungue programu ya usanifu kwanza. Orodhesha maswali yote kwenye karatasi, na kwa kila moja andika: nani atalisoma jibu hili, atalifanyia nini, na nini kitakwama tukilikosa. Ukiambiwa "huenda tukalihitaji baadaye", likate. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, ila wao hawakujaza fomu kwa kidole gumba.

Niliwahi kukuta fomu ya kujiandikisha kwenye mafunzo ina maswali 23. Tulipouliza nani hutumia namba ya faksi, kila idara ilisonta nyingine. Tulibaki na maswali 9. Hatua hii inaleta faida kuliko zote zinazofuata, na ndiyo wabunifu wengi huiruka, maana haina rangi za kuchagua.

Hatua ya 2: Panga safu moja

Visanduku vishuke kimoja chini ya kingine. Vikikaa viwili viwili, jicho hushuka upande mmoja na kusahau wa pili. Vinavyounda kitu kimoja tu, kama siku, mwezi na mwaka, ndivyo vikae pamoja. Anza na maswali mepesi; yale ya undani wa mtu yaje mwishoni, yakiwa na sentensi moja ya kueleza kwa nini unauliza.

Hatua ya 3: Lebo ikae nje, juu ya kisanduku

Kuna mtindo wa kuweka lebo, yaani maneno yanayosema kisanduku kinataka nini, ndani ya kisanduku kwa maandishi hafifu. Unapendeza kwenye picha tu. Mtu akianza kuandika, lebo inatoweka. Akigeuka kumjibu mwenzake, akirudi hajui tena alikuwa anajibu nini. Tena rangi yenyewe mara nyingi haifiki utofauti wa 4.5:1 kati ya maandishi na mandharinyuma, ambao WCAG, mwongozo wa kuwezesha tovuti kutumiwa na watu wenye ulemavu, unautaka kwa maandishi ya kawaida.

Unganisha lebo na kisanduku chake kwenye msimbo pia, ili kisoma skrini, programu inayowasomea wasioona, kiitamke, na mtu akigusa lebo kisanduku kifunguke. Ukubwa wa maandishi ndani ya kisanduku usishuke chini ya pikseli 16, la sivyo kivinjari cha Safari cha iPhone kitaukuza ukurasa kila kisanduku kinapoguswa.

Hatua ya 4: Lete kibodi inayofaa

Kwenye msimbo wa kisanduku cha barua pepe weka type="email". Kwa tarakimu weka inputmode="numeric", si type="number": hiyo ya pili ni ya kiasi cha kuhesabika, na kwenye baadhi ya vivinjari gurudumu la kipanya hubadilisha namba bila mtu kujua. Ongeza autocomplete, simu ijaze yenyewe jina na anwani inazozijua tayari.

Hatua ya 5: Makosa

Makosa mengi ni ya mfumo, si ya mtu. Namba ya simu ikiandikwa na nafasi, vistari au alama ya kujumlisha, ipokee. Kuzisafisha ni kazi ya mashine. Kanuni ya kimataifa ya namba za simu, E.164, inaruhusu hadi tarakimu 15, kwa hiyo usilazimishe 10. Jina liwe kisanduku kimoja, kwani wapo wenye jina moja na wapo wenye matano. Na mfumo unaokataa alama ya ritifaa unamkataa kila mwenye ng' katika jina lake.

Kosa likiwepo kweli, subiri mtu atoke kwenye kisanduku. Kumwambia barua pepe yake si sahihi wakati ndiyo kwanza ameandika herufi ya pili ni kumkatiza mtu akiongea. Ujumbe ukae karibu na kisanduku husika, usitegemee wekundu peke yake, na useme la kufanya. Badala ya "Ingizo batili", andika "Tarehe hii imeshapita. Chagua kuanzia leo." Chochote kilichokwisha kujazwa kisifutwe.

Hili nililijifunza kwa aibu. Niliweka ujumbe wote wa makosa juu ya ukurasa tu, na kitufe kiko chini. Mtu aligusa, hakuona badiliko, akagusa tena na tena, kisha akanigeukia: "Kitufe chako kimekufa." Siku hizi orodha ya juu ninaiweka pamoja na ujumbe wa kila kisanduku, kila kosa likiwa kiungo, na baada ya kutuma ukurasa unampeleka mtu kwenye orodha hiyo.

Kitufe nacho usikizime hadi kila kitu kijazwe. Kitufe cha kijivu hakielezi kinangoja nini.

Hatua ya 6: Kaa kimya utazame

Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba kujaribu na watumiaji 5 kunatosha kufichua matatizo mengi. Ni kweli kwa kusaka kasoro, si kwa kupima asilimia. Mimi huanza na 3, narekebisha, kisha naita wengine 3. Kila mmoja atumie simu yake na taarifa zake halisi, kwenye nakala isiyohifadhi kitu, maana majina ya kubuni huwa hayakwami popote. Usimsaidie. Akikuuliza "hapa niweke nini?", andika swali lake neno kwa neno, mara nyingi ndilo lebo mpya.

Fomu ikishaanza kutumika hewani, rekodi jina la kisanduku cha mwisho kuguswa kabla mtu hajaondoka, bila kurekodi alichoandika. Kisanduku kimoja kikiongoza wiki mbili mfululizo, rudi na ile karatasi ya hatua ya 1 kwa idara iliyokiomba.