Kabla hujashuka Mombasa: mambo ya kupanga ukiwa bado nyumbani

Wageni wengi hupanga safari ya Mombasa kwa kutafuta chumba cha bei nzuri, halafu mengine watayaona mbele ya safari. Mimi ningeanza na swali jingine: utalala ng'ambo ipi? Mji wenyewe ni kisiwa. Nyali, Kongowea, Bamburi na Shanzu ziko kaskazini, unafika huko kwa Daraja la Nyali. Changamwe, Miritini na uwanja wa ndege viko magharibi, kupitia Daraja la Makupa. Likoni iko kusini, na kutoka kisiwani magari huvuka kwa feri. Diani, ambayo watu wa bara huihesabu kuwa Mombasa, iko Kaunti ya Kwale, na Mtwapa ni Kilifi. Chumba cha bei poa Likoni kitakutoka puani ikiwa shughuli zako zote ziko Bamburi, maana kila siku utavuka feri na daraja, kwenda na kurudi.

Treni ya SGR kutoka Nairobi, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, haikushushi mjini. Inakuacha Miritini, na kutoka hapo bado una safari ya matatu au teksi, katika barabara hiyo hiyo inayobeba malori ya bandarini. Anayeelekea Diani hana haja ya kuingia kisiwani kabisa: barabara ya Dongo Kundu inaanzia Miritini, inapita juu ya maji ya Mwache na Mteza na kukutoa upande wa kusini. Dereva akisisitiza kwamba lazima mpite feri, muulize kwa nini. Tiketi za treni za Desemba, Pasaka na likizo ya Agosti huisha mapema, na bila kitambulisho huwezi kusafiri. Siku ya kurudi, fika stesheni saa nzima kabla, kwa sababu mizigo hukaguliwa, hata kwa mbwa wa kunusa. Ndugu zetu wanaokuja kutoka Tanga kupitia Horohoro na Lungalunga washike pasipoti au hati ya kusafiria mkononi, na wajue kwamba basi likipitia Likoni, saa ya kuingia mjini itaamuliwa na foleni ya feri, dereva awe mwepesi vipi.

Feri ni mlango wa kazini wa maelfu ya watu, na mgeni akilielewa hilo hapati tabu. Anayevuka kwa miguu halipi kitu; gari ndilo linalolipa. Matatu haivuki nawe: unashuka upande huu, unavuka kwa miguu, unapanda nyingine ng'ambo. Safari ya maji ni dakika chache tu, kinachokula muda ni kungoja. Asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili, umati unatoka Likoni kuja kisiwani, jioni unarudi. Lango likifunguliwa watu huteremka kwa mkupuo mmoja: mikokoteni yenye magunia, baiskeli, wanafunzi, mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni, na wa mkokoteni akipiga kelele apishwe kwa sababu mteremko umeshamshinda. Usisimame katikati kumtafuta mwenzio. Sogea ukutani, begi livae kifuani, simu iwe ndani. Na kamera usiitoe, kwani feri na bandari ni sehemu za ulinzi na askari wa pale hawana mzaha na picha. Ukiweza, vuka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, utaona kama ni feri nyingine.

Daraja la Nyali lina tabia hiyo hiyo, ila kwa magari: asubuhi foleni ni ya kuingia kisiwani, jioni ni ya kutoka. Mwenye miadi aihesabu. Matatu nayo, uliza nauli kabla hujakaa, hasa mvua ikinyesha, kwa sababu hapo ndipo makanga hukumbuka bei mpya. Tuktuk, elewaneni mguu mmoja ungali chini.

Sasa bahari. Hapa ndipo naona wageni wakilalamika bure: mtu amekuja na watoto, saa nne asubuhi anafika Bamburi na boya zake, anakuta maji yameenda zake na kilichobaki ni mchanga, mwani na madimbwi. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na saa zake husogea mbele kwa dakika kama 50 kutoka leo hadi kesho. Karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu huwa bamvua, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku hizo maji ya Mombasa hupwa kama saa nne au saa tano asubuhi na hujaa tena alasiri, mpaka sehemu nyingine yanagonga kuta za hoteli. Siku za maji mafu, katikati ya vipindi hivyo, tofauti ni ndogo na unaweza kuogelea karibu wakati wowote. Kwa hiyo tazama mwezi kabla ya kuchagua wikendi. Kama unapenda kutembea mwambani, basi bamvua ndiyo yako, ila vaa viatu vya kuloweka, maana kwenye mawe kuna wanyama wa miiba mieusi inayokatikia mguuni. Geuka maji yakianza kurudi, usingoje yakufike magotini. Kombe na matumbawe yaache pale pale. Sehemu ya bahari hii ni hifadhi tangu 1986, na kiingilio chake hulipwa kwa mtandao.

Maji ya kunywa ni habari nyingine. Mji huu hunywa maji yanayotoka mbali, Mzima na Baricho miongoni mwa vyanzo vyake, na hayatoshi. Mitaa mingi hutegemea visima vya maji ya chumvi, na watu hununua maji matamu kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa wenye mikokoteni. Ukikodi nyumba badala ya hoteli, muulize mwenye nyumba mambo mawili: kuna tangi? Maji ya bombani ni ya chumvi? Sabuni haitoi povu kwenye maji hayo, na chai yake hutaisahau.

Kati ya Januari na Machi ni joto la kukunyima usingizi, kwa hiyo uliza feni au AC. Mei ni mvua za masika. Julai na Agosti kusi huvuma, hewa ni nzuri lakini mwani hujaa ufuoni. Mbu wapo mwaka mzima na malaria ipo, chandarua si pambo. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya nzima tangu Agosti 2017, njoo na kikapu au mfuko wa kitambaa.

Ngome ya Yesu, waliyoijenga Wareno kuanzia 1593, na vichochoro vya Mji wa Kale ni vya asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mle ni nyumbani kwa watu: funika mabega na magoti, toa salamu kwanza, na umwombe mtu ruhusa ndipo umpige picha. Bei ya vitu ufuoni, kupanda ngamia kukiwemo, ni ya kupatana. Kwa chakula, asubuhi tafuta mahamri na mbaazi za nazi, jioni nenda Lighthouse, pale kisiwani watu wanapopunga upepo kando ya bahari, ule muhogo wa pilipili na ndimu, dafu pembeni.

Ukija Ramadhani, mikahawa mingi ya mjini haipiki mchana, na kula huku unatembea Mji wa Kale utaonekana huna adabu hata kama hakuna atakayekwambia. Kuanzia magharibi meza hutoka nje, viazi karai, bhajia na kaimati, na mji huchelewa kulala. Hoteli za Nyali na Bamburi huhudumia kama kawaida, kwa hiyo mwenye watoto au mgonjwa wa sukari apange chakula chake cha mchana huko.