Kutoka Kabati la Nyumbani hadi Makumbusho ya Umma

Wengi wakipata wazo la makumbusho hukimbilia kutafuta chumba. Chumba kinaweza kusubiri. Anza na daftari.

Hatua ya 1: Sajili kila kitu

Mfumo uliozoeleka una sehemu tatu: mwaka wa kusajiliwa, fungu (vitu vilivyopokelewa pamoja), na kitu chenyewe. 2025.4.2 ni kitu cha pili katika fungu la nne la mwaka 2025. Kando ya namba andika kilitoka kwa nani, kilitumikaje, kimepasuka wapi. Usichokijua usikibuni.

Stika usiziguse kabisa. Gundi yake huacha doa. Karatasi na picha ziandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli laini. Kwenye kauri au chuma, tafuta mahali pasipoonekana, paka tabaka jembamba la Paraloid B-72 (resini angavu ya akriliki inayotumiwa kama vanishi), liache likauke, andika namba kwa wino, kisha paka tabaka la pili juu. Haitafutika kwa kushikwashikwa, lakini asetoni itaitoa ikibidi. Kwa plastiki usijaribu, inaweza kuyeyuka. Ifungie kilebo kwa uzi.

Hatua ya 2: Chambua

Hapa ndipo wakusanyaji tunapoumia. Mgeni hahitaji kuona birika arobaini. Mpe sita zenye kisa. Pembe za ndovu na vitu vya kale vya kuchimbwa visikae hata stoo kabla hujathibitisha uhalali wake.

Hatua ya 3: Tenga mali yako na ya makumbusho

Sajili taasisi isiyo ya kutafuta faida, unda bodi ya wadhamini, kisha ikabidhi mkusanyiko kwa hati ya zawadi. Bila hati, ukifa warithi watagawana. Hans Sloane, daktari na mkusanyaji wa London, aliliwaza hilo mapema: wosia wake uliutoa mkusanyiko wote kwa taifa kwa sharti kwamba warithi wake walipwe pauni 20,000, na mwaka 1753 Bunge la Uingereza likaanzisha British Museum.

Hatua ya 4: Andaa chumba

Ziba jua. Vitambaa na karatasi visizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga), kwani rangi iliyopauka hairudi. Nguo zenye nondo zifunge kwenye plastiki, uziweke kwenye friza kali wiki mbili.

Hatua ya 5: Fungua kidogo kidogo

Siku moja kwa wiki inatosha kuanzia. Wageni wataanza kukuletea vitu vyao. Usipokee chochote mlangoni bila fomu iliyosainiwa. Kinachoachwa "kwa muda tu" ndicho huzaa ugomvi.