Somo: Pasua moyo wa mbuzi, ushike njia ya damu (PCB: Fizikia, Kemia na Baiolojia)

Wengi wanaopoteza alama kwenye swali la moyo majina wanayajua yote. Wanachochanganya ni pande. Moyo uliochorwa kitabuni unakutazama, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwa karatasi. Ukiushika mkononi hilo linaisha.

1. Nunua moyo wa mbuzi asubuhi, bucha za Mwanga au Ujiji, mjini Kigoma. Mwombe muuzaji akuachie mishipa ya juu, sentimita 3 hivi. Wa ng'ombe mara nyingi umeshachanjwa na mkaguzi wa nyama anayetafuta mabuu ya tegu.

2. Kabla ya kisu, bonyeza. Ventriko (chumba cha chini) ya kushoto ni ngumu, ya kulia inabonyea. Mshipa mnene unaotokea mbele ni ateri ya mapafu. Aota, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini, iko nyuma yake.

3. Toa damu iliyoganda, kisha mimina maji kwenye aota. Vali ya nusu mwezi (mlango wa damu mwanzoni mwa aota) ikifunga, maji yatasimama. Ukishakata, jaribio hili huwezi tena.

4. Ingiza penseli butu kwenye vena kava ya juu (mshipa unaorudisha damu kutoka mwilini). Ikinyooka itatokea vena kava ya chini. Ilaze kuelekea mbele iingie ventriko ya kulia, halafu kata kuifuata. Vali hapo ina vipande vitatu. Pasua na kushoto: viwili.

5. Pima kuta kwa rula. Kushoto ni nene zaidi, kwa binadamu kama mara 3. Ventriko ya kulia husukuma damu hadi mapafuni tu, kwa shinikizo la karibu milimita 25 za zebaki. Ya kushoto, mwili mzima, karibu 120. Jibu lisilotaja shinikizo ni nusu jibu.

MASWALI

*Mkuu, maji yangu yanashuka polepole. Vali mbovu?*
Si lazima. Juu tu ya vali kuna matundu mawili ya ateri za moyo wenyewe, maji hupitia humo. Yakishuka kwa kasi, tafuta mkato wa kisu.

*Zile nyuzi nyeupe ndani ya ventriko, zilizoshika vali, ndizo zinazoifungua?*
Hapana! Damu ndiyo inayoisukuma. Nyuzi huzuia vali isipinduke kuingia auriko (chumba cha juu) wakati ventriko inapojikaza. Mtego huo watunzi wa mitihani wanaupenda.

*Nilipata wa ng'ombe, kisu kimegonga kitu kama mfupa karibu na aota.*
Ni mfupa kweli, ng'ombe anao. Binadamu hana, usiuchore.